Hakuna Aliyeingia

Mathew Ogeto alipofika kufungua duka lake la kutoa kopi pale Suneka, Jumapili asubuhi, alimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la nje, koti la mvua magotini, anamenya ndizi. Soko lilikuwa halijachangamka bado. Mama mwenyewe hakuonekana kuwa na karatasi yoyote ya kutolewa kopi.

"Wewe ndiye Admin?" aliuliza.

Mathew aliangalia barabara upande huu na upande ule. Jina hilo lilikuwa la mtandaoni tu. Hapa Suneka hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Inategemea ni nani anauliza."

"Inspekta Drusilla Angwenyi, upelelezi, Nyamira. Jana ulinipotezea siku nzima. Fungua tuongee."

Kufuli ilimsumbua Mathew kidogo. Drusilla alimaliza ndizi yake bila haraka, akatupa ganda kwenye pipa, akaingia nyuma yake.

Kesi yenyewe alikuwa ameshaipanga kichwani akiendesha gari, akiizungumza kwa sauti na usukani, maana tangu mwenzake wa kazi astaafu, yeye hakupewa mwingine. Ronny Ogari, kijana aliyekaribia miaka thelathini, hakuwa ameonekana nyumbani kwao karibu na Sironga tangu Alhamisi jioni. Mama yake alikuwa marehemu. Mkewe, Sheila, aliondoka mwaka jana. Katika boma lile walibaki watu wawili, Ronny na baba yake, mzee Thadeus, kila mmoja na nyumba yake, migomba katikati. Kila jioni mzee alipika, akabeba sahani hadi mlangoni kwa mwanawe, akamwita, akaiweka chini na kurudi kwake. Asubuhi aliikuta imeoshwa. Ijumaa aliikuta na ugali wake, umefunikwa vile vile, sisimizi wamejipanga. Alingoja hadi alasiri, kisha, kabla jua halijatua na Sabato kuanza, akapiga simu polisi.

Konstebo Mogire alitumwa siku hiyo hiyo. Ripoti yake ilikuwa fupi na safi: nyumba imepekuliwa, mhusika hayumo, hakuna dalili ya fujo. Jumamosi asubuhi kesi ikamfikia Drusilla. Alimwona mzee Thadeus nje ya kanisa, ndani ya suti yake nyeusi, Biblia kwapani, na mzee akamwambia neno moja tu la maana: "Mogire ameshaangalia ndani." Basi Drusilla akayaacha ya ndani, akatafuta ya nje.

Na ya nje yalikuwa mengi, kwa sababu Ronny alikuwa na watu. Mwaka mzima alikuwa akitoa mtandaoni mfululizo wa video za kubuni, *Chumba cha Nyuma*. Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi. Kijana anaishi peke yake. Kila akitoka na kurudi, anakuta kitu kimesogezwa: kikombe, kalenda, kiti. Kuna mtu anaingia nyumbani kwake, naye hamjui. Watazamaji walipewa kazi ya kumtafuta mtu huyo kwa dalili zilizofichwa ndani ya picha. Wakajitokeza maelfu. Walikuwa na grupu lao, na grupu lilikuwa na mkuu wake, huyu hapa, anayefuta vumbi kwenye mashine ya kopi isiyo na vumbi.

"Mlisema yuko Keroka," alisema Drusilla.

"Sisi tulisema dalili zinaonyesha Keroka, madam. Kuna karatasi ya duka la huko juu ya meza. Na mkono wake umenyooka kuelekea hiyo karatasi. Vidole tatu wazi, mbili zimekunjwa. Tulikaa na hiyo mkono usiku mzima."

"Nilienda Keroka. Nilikuta vijana kumi wa grupu lako wanachungulia chini ya malori. Nilimkuta pia mkewe."

Mathew aliacha kufuta. "Ako na bibi?"

Drusilla alimtazama. Mtu aliyejua idadi ya misumari kwenye ukuta wa Ronny hakujua kwamba Ronny ana mke. Sheila alikuwa anauza mitumba kando ya stendi, na maswali ya polisi aliyajibu huku akikunja sweta za watoto. Hajaja, alisema. Hajapiga simu tangu Krismasi. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba angekuja angemfungulia. Karatasi ile ya duka ilikuwa yake. Aliiacha na vitu vyake vingine siku aliyoondoka.

"Uliongea na Ronny mara ya mwisho lini?" aliuliza Drusilla.

"Sijawahi kuongea na yeye."

"Mwaka mzima?"

"Yeye hajibu mtu. Akijibu, mchezo umekwisha." Mathew alikaa kwenye kiti chake. Alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi, na nyuma yake, ukutani, alikuwa amebandika picha za chumba cha Ronny, moja kwa kila video, zimepangwa kwa mistari. "Lakini namjua, madam. Najua akikasirika anashika sikio. Najua kikombe chake cha chai kimeng'oka mshikio."

"Jina la baba yake?"

Mathew hakujua.

"Haya. Nionyeshe ya Alhamisi."

Video ya Alhamisi ilirushwa moja kwa moja, mara ya kwanza kwa Ronny kufanya hivyo, na haikubaki kwenye ukurasa wake. Ila Mathew alikuwa ameinasa yote. Aliifungua kwenye kompyuta ya dukani, akamsogezea inspekta kiti. Drusilla alivaa miwani.

Chumba kidogo, pazia jeusi, taa moja ya mezani. Ronny, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, aliieleza kamera kwamba leo amegundua mgeni wake anaficha vitu juu darini. Alivuta kibago, akapanda, akanyoosha mkono kuelekea boriti. Kichwa na mabega yakapotea juu ya picha. Ikaonekana miguu tu, imesimama kwa ncha za vidole. Kisha kibago kikayumba. Kilichofuata kilikuwa kishindo upande wa kushoto, nje ya picha, na kishindo kingine kidogo, na taa ikaanguka kiubavu. Baadaye mkono mmoja ukateleza taratibu hadi ukaonekana chini ya meza, ukatulia hapo.

Pembeni, maneno ya watazamaji yalikuwa yanapanda bila kukoma. *Kali sana. Huyu jamaa anaigiza. Hesabuni vidole. Vidole vitatu. Karatasi, ona karatasi.*

Drusilla aliyasoma kwa muda. Kisha akaomba video irudishwe nyuma, akaitazama tena kuanzia kibago.

"Huyu ameanguka," alisema.

"Ndiyo, madam. Ni mwisho wa msimu."

"Sikiliza. Mimi si mtu wa sinema. Lakini mtu anayeigiza kuanguka anaangukia wapi? Anaangukia mbele ya kamera, aonekane. Huyu ameangukia kando. Kama si huo mkono kuteleza, msingemwona kabisa."

Mathew alisogeza kiti chake karibu na kioo.

Video iliendelea. Hakukuwa na jambo jingine ila mkono na mvua juu ya mabati. Watu walikuwa wameendelea kutazama mkono ule, maelfu yao, kila mmoja nyumbani kwake, wakibishana kuhusu kidole gumba. Drusilla aliona aibu, na hakuwa hata mmoja wao.

Ndipo sauti ikasikika, mbali kidogo, nje ya nyumba. Sauti ya mwanamume mzima, inaita kwa Ekegusii. Ronny. Ronny, chakula kiko hapa.

Grupu lilikuwa limelipuka kwa furaha. *Sauti! Sauti imerudi!*

"Huyo nani?" aliuliza Drusilla, ingawa alikuwa ameshaitambua.

"Huyo ndiye Sauti. Adui mkubwa. Anakuja kila video, mwishoni. Wengi wanaamini ndiye anaingia na kusogeza vitu." Mathew aliona haya kidogo. "Mimi nasikia Ekegusii, bila shaka. Najua anasema chakula. Lakini nikaona hiyo ni fumbo. Nikawaandikia watu kurasa mbili juu ya maana ya chakula."

"Anakuja mwishoni, ulisema. Akishaita, nini hufuata?"

"Giza. Ronny anaangalia mlango, anazima kamera. Kila mara. Ndiyo alama ya kufunga hadithi."

"Na hii ya Alhamisi, giza liko wapi?"

Mathew aligeukia kompyuta. Mkono ulikuwa bado palepale. Alisogeza video mbele, akasogeza tena. Mkono, meza, mvua. Sauti ilikuwa imeita, ikanyamaza, ikaenda zake, na picha ikazidi kuendelea mpaka ikakatika ghafla, katikati ya ukimya.

"Hakuna aliyezima," alisema Mathew polepole. "Simu imekufa charji."

"Kila jioni baba yake akimwita chakula, anaacha kazi yake, anazima, anaenda kuchukua sahani. Alhamisi hakuizima." Drusilla alivua miwani. "Na sahani haikuchukuliwa. Huyu mtu hakwenda Keroka. Huyu hakwenda popote."

"Lakini kwenye grupu watu waliandika polisi wamepekua nyumba."

Drusilla alikuwa ameshatoa simu.

Konstebo Mogire alipokea akihema. Alikuwa anakatia ng'ombe majani, alisema, leo ni siku yake ya mapumziko.

"Ripoti yako ya Ijumaa," alisema Drusilla. "Nyumba ya Ronny Ogari. Kitanda kiko upande gani?"

"Kitanda?"

"Ukiingia. Kushoto au kulia?"

"Kulikuwa na giza, madam. Kuna mapazia."

"Mogire, uliingia?"

Panga liliwekwa chini. Lilisikika likigonga jiwe.

"Madam, mimi na Thadeus ni mlango mmoja. Babu yetu ni mmoja. Siku Ronny anaoa mimi nilitoa ndama. Ni mtoto wangu yule."

"Najua. Nimeuliza kama uliingia."

"Nilisukuma mlango. Haukuwa umefungwa. Nikaita, nikaita tena. Nilisimama pale kizingitini." Aliteremsha sauti. "Niliona nikiandika sikuingia, ni kumwandikia mkubwa jambo ambalo hataelewa. Nikaandika imepekuliwa."

Drusilla alielewa vizuri sana, na ndiyo sababu alishindwa hata kumfokea. Abagusii wanaiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na haya. Mwana akishaoa, baba yake haingii tena katika nyumba yake. Hata kwa mvua haingii, hata kwa ugonjwa. Na kwa Abagusii baba si mmoja. Ndugu wa ukoo walio rika la baba wote ni baba. Aliyetumwa kupekua nyumba ya Ronny alikuwa baba yake kwa hesabu hiyo. Mzee Thadeus naye, mlango uliposukumwa, bila shaka aligeukia migomba ili macho yake yasiangukie ndani. Kila mmoja aliamini mwenzake ameona. Drusilla alizaliwa katika mila hiyo hiyo, na alipoisoma ripoti hakujiuliza jina la aliyeiandika.

Ronny alikuwa ameishi mwaka mzima katika nyumba ambayo hakuna aliyeingia. Ndipo akabuni hadithi ya mtu anayeingia.

Alipiga simu kituoni, akaagiza gari na muuguzi waende Sironga mara moja. Gari lilikuwa limepeleka mahabusu upande wa pili wa kaunti, litageuzwa. Kutoka Suneka hadi kule yeye mwenyewe alikuwa na safari ndefu. Akampigia mzee Thadeus na kuweka simu juu ya meza, spika imewashwa. Waliongea Ekegusii, naye alimwita Tata, yaani baba.

"Tata, uko wapi?"

"Niko kwenye majani chai, mwanangu. Leo wanachukua mapema."

"Majirani wako? Kuna mwanamke yeyote karibu? Hata msichana."

"Wale ni Wakatoliki. Wako misa wote, na ni mbali. Kuna nini?"

"Nenda mlangoni kwa Ronny. Usikate simu."

Kikapu kilishushwa. Zikasikika buti za mpira zikikanyaga matope, pumzi ya mzee, majani ya mgomba yakisukumwa. Drusilla na Mathew walikaa wakiitazama simu.

"Nimefika."

"Mwite."

Mzee akaita. Mathew alisimama wima. Ilikuwa ile ile, kwa kupanda na kushuka kwake, sauti aliyoichambua mwaka mzima, akiipunguza kasi, akiirudisha nyuma, akiitafutia uovu.

"Ni yeye," alinong'ona.

"Ni baba yake," alisema Drusilla. Kisha akainamia simu. "Amejibu?"

"Hajajibu. Hayuko, mwanangu. Mogire aliangalia."

"Mogire hakuingia, Tata. Alisimama uliposimama wewe."

Mvua ilikuwa imeanza kule Sironga, ikisikika nyembamba.

"Tata, ingia."

"Wewe ni mtoto wa wapi?" aliuliza mzee, bila hasira.

"Wa hapa hapa."

"Basi unajua unachoniambia. Ng'ombe za mahari ya Sheila hazijarudi. Hii bado ni nyumba ya mke wa mwanangu. Mabati haya nilipigilia mimi mwenyewe. Siku alipooa nikatoka, na sikurudi. Ndivyo baba yangu alivyonifanyia mimi."

"Najua, Tata. Ningekuwa hapo ningeingia mimi. Kuna gari linakuja, lakini liko mbali. Ronny alianguka Alhamisi, katika chumba cha nyuma, muda mfupi kabla hujamletea chakula. Watu maelfu wamemwona akianguka. Hakuna hata mmoja aliye karibu naye isipokuwa wewe."

Drusilla alitaka kumwambia kwamba huenda amechelewa, kwamba huenda atakachokikuta hakitamwacha kamwe, na kwamba yeye, inspekta, alikuwa Keroka jana akitazama sweta zikikunjwa wakati mlango huu uko wazi.

"Nimevua buti," alisema mzee hatimaye. Mlango ukalia. "Ni giza. Nimewasha tochi ya simu. Kuna vitambaa vyeusi kila mahali. Niende wapi? Sijui nyumba hii."

Drusilla naye hakuijua. Akageuka. Mathew alikuwa tayari ameinamia meza, mikono yote miwili kando ya simu, na alianza kwa Kiswahili, akasita, akabadilisha.

"Tata, unaongea na mtu mwingine sasa, mimi ni Mathew. Kushoto kwako kuna meza ya redio. Ipite. Usiende kulia, kulia kuna kiti kimevunjika mguu. Mbele yako kuna pazia kubwa, liko na pete za chuma."

"Nimelishika."

"Ukilivuta, angalia chini. Kuna waya wa taa umepita sakafuni. Inua mguu."

"Nimeinua."

"Sasa uko chumba cha nyuma. Meza iko mbele. Tembea upande wa kushoto wa meza. Kushoto, Tata. Huko hatujawahi kuona, kamera haifiki. Yuko huko."

Hatua zilisikika, za miguu mitupu juu ya saruji. Zikakoma. Simu iligonga kitu kigumu, kana kwamba imewekwa sakafuni.

"Tata?" alisema Drusilla.

Mvua tu. Mathew alikuwa amefumba macho.

"Tata Ogari. Anapumua?"

"Ana joto," ilisema sauti ya mzee, mbali na simu, nayo haikuwa inaongea na polisi. "Mguu umegeuka. Ronny. Ronny, mwanangu."

Kikafuata kitu kama mkwaruzo. Drusilla alidhani ni mtandao. Kisha mkwaruzo ukawa na maneno, makavu, yametengana, ya mtu ambaye ulimi wake haujaona maji kwa siku kadhaa.

"Niliwasikia. Mkiita." Pumzi. "Tata. Umeingia."

"Nimeingia."

Kijana alijaribu kusema jambo jingine. Ilisikika kama anaomba radhi, au anamwambia baba yake asitazame, kitanda hakijatandikwa, nyumba ni chafu.

"Nyamaza," alisema mzee. "Ukipona nitatoka."